Sura ya Sita: Singeli Iwekwe Rafu Gani?

Tarehe 29 Juni 1987, kundi la watu wa muziki lilikutana kwenye baa ya Empress of Russia, barabara ya St John, Islington, London. Walikuwemo wenye lebo ndogo za santuri, watangazaji, waandishi na waandaaji wa maonyesho. Kilichowakutanisha kilikuwa jambo la dukani. Santuri za Mali, Zimbabwe, Bulgaria na Pakistan zilikuwa zikiingia mjini kwa wingi, na wenye maduka hawakujua wazipange wapi. Mteja aliyesikia wimbo redioni usiku, kesho yake akaenda kuuulizia, aliambiwa haupo, kumbe santuri yenyewe imelala humo humo dukani, imechomekwa mahali ambapo hakuna mtu angefikiri kuitafuta.

Wakakubaliana jina moja: World Music, muziki wa dunia. Lebo zikachangishana, zikapatikana pauni elfu chache, vikachapwa vibao vya kutenganisha santuri kwenye rafu. Ndani ya miaka michache jina hilo lilikuwa limeenea Ulaya na Marekani, limepata chati zake, tuzo zake na watangazaji wake. Ni nadra fedha kidogo namna ile kubadili biashara ya muziki kiasi kile.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuujali mkutano huo. Kwa karibu miaka mia moja muziki wa Afrika Mashariki umekuwa ukifika London kwa njia hii au ile, na kila ulipofika, mahali ulipowekwa ndipo palipoamua nani ausikie. Kwanza uliwekwa ghalani. Kisha ukapata rafu ya muziki wa dunia. Na katika miaka hii ya karibuni, sehemu yake moja, hasa singeli ya Dar es Salaam, imepanda rafu ya muziki wa kielektroniki, ikakaa bega kwa bega na mafundi wa Berlin na Detroit. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, na nyumbani ilipita bila kelele.

Ghala lenyewe lilikuwa Hayes, magharibi mwa London, ambako kampuni ya Gramophone ya Uingereza ilikuwa na kiwanda chake kikubwa. Hiyo ndiyo kampuni yenye lebo ya HMV, na ndiyo iliyomrekodi mwimbaji Siti binti Saad alipovuka bahari na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay mwezi Machi 1928. Sahani za Siti zilipendwa pwani nzima na zikapenya mpaka bara. Kwa kampuni, zilikuwa bidhaa za soko la Afrika Mashariki basi. Hakuna aliyetazamia kwamba mtu wa London angeingia dukani kuziulizia. Wasanii wengine wengi wa kanda hii walirekodiwa na kampuni hiyo katika miongo iliyofuata, na Hayes pakawa hifadhi ya sahani za lugha ambazo wafanyakazi wake hawakuzijua.

Zikakaa huko mpaka likaja duka. Honest Jon's lilifunguliwa mwaka 1974 na limejulikana kwa muda mrefu katika barabara ya Portobello. Mwaka 2002 wenye duka walianzisha lebo pamoja na Damon Albarn, mwimbaji wa bendi ya Blur, na baada ya miaka kadhaa waliruhusiwa kuchimbua hifadhi ya Hayes. Walikaa na sahani hizo na kuchagua kwa sikio. Mwaka 2010 ukatoka mkusanyiko wa Something Is Wrong, wa rekodi za zamani za Afrika Mashariki. Nyimbo ambazo wazee wetu walizicheza kwenye gramafoni ya kukoroga kwa mkono zilipata wasikilizaji wapya London baada ya miongo mingi, ingawa muda wote huo zilikuwa mwendo wa dakika ishirini hivi kwa treni kutoka kituo cha Paddington.

Duka la santuri la London linastahili maelezo yake, maana kabla ya intaneti ndilo lililokuwa shule. Rough Trade, lililofunguliwa na Geoff Travis mwaka 1976, liliwakusanya vijana wa panki na wa reggae chini ya paa moja, na miaka miwili baadaye likawa pia lebo. Muuzaji wa duka kama hilo alimjua mteja wake kwa ladha. Alipomwona anaingia, aliinama chini ya kaunta akatoa santuri aliyomwekea tangu Jumanne, akaiweka kwenye mashine bila kuulizwa. Stern's, karibu na Tottenham Court Road, lilianza kama duka la vifaa vya umeme. Wanafunzi wa Kiafrika ndio waliokuwa wakilipatia santuri za kwao, mpaka sifa zikaenea kwamba kwa fundi redio kuna muziki usiopatikana kwingine. Mwaka 1983 likazaliwa upya katika barabara ya Whitfield kama kituo cha santuri za Afrika. Wale wanafunzi, waliobeba santuri ndani ya masanduku yao ya nguo, walifanya kazi ambayo kampuni kubwa hazikuiona. Majina yao hayakuandikwa popote.

Ndipo wakaja watu wa ule mkutano wa baa. Ben Mandelson na Roger Armstrong wa lebo ya GlobeStyle walikwenda Zanzibar mwaka 1988 na vifaa vya kurekodia, wakawarekodi Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905, pamoja na Culture Musical Club, Seif Salim na wengineo. Kazi hiyo ilitoka katika mfululizo wa albamu za taarabu ambazo mpaka leo ni miongoni mwa rekodi safi zaidi za muziki wa Unguja. Lebo hiyo hiyo ikatoa pia taarabu ya Mombasa, Zein Musical Party wakiwemo. Karibu na wakati huo kanda ya Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyehamia Dar es Salaam na kuongoza Super Matimila, ilibebwa na rafiki Mwingereza hadi kwa waandaaji wa tamasha la WOMAD. Remmy akaalikwa mwaka 1988. Mwaka uliofuata akarekodi Songs for the Poor Man katika studio za Real World, kijiji cha Box, Wiltshire.

Hizi zilikuwa kazi za mapenzi, na haitakuwa haki kuzibeza. Lakini tazama zilipowekwa. Remmy, aliyewaimbia makuli na wauza mitumba juu ya kifo, umaskini na ukimwi, alipangwa rafu moja na kwaya za wanawake wa Bulgaria. Seif Salim na waimbaji wa Pakistan wakawa majirani kwa sababu moja tu, kwamba wote hawakutoka Uingereza wala Marekani. Rafu ile iliwasaidia kuonekana. Iliwafanya pia waonekane na watu wa aina moja: wapenzi wa muziki wa mbali, wengi wao watu wazima, wanaosubiri tamasha la kiangazi. Kijana wa Hackney aliyekuwa akitafuta ngoma ya kuvunja spika Ijumaa usiku hakupita rafu hiyo.

Mtu mmoja aliyekataa rafu zote alikuwa John Peel. Aliingia BBC Radio 1 mwaka 1967, redio hiyo ilipofunguliwa, na hakuiacha mpaka alipofariki Oktoba 2004 akiwa Cuzco, Peru. Kipindi chake cha usiku kiliweza kutoka kwenye panki ya Belfast kwenda gitaa la Harare, kisha mashine za Detroit, bila kuomba radhi kati ya wimbo na wimbo. Watu wasiojulikana walimtumia kanda, naye alizisikiliza. Pamoja na Andy Kershaw, aliyejiunga na redio hiyo mwaka 1985, waliwapandisha Bhundu Boys wa Zimbabwe mpaka vilabu vya Uingereza vikawagombania. Peel hakueleza sana. Alitaja jina la msanii, jina la wimbo, basi, msikilizaji ajiamulie mwenyewe.

Wakati huo huo kulikuwa na London nyingine, juu ya mapaa.

Rinse FM ilianza kurusha matangazo mwaka 1994 bila leseni, kama redio nyingine nyingi za maharamia mashariki mwa jiji. Waanzilishi wake, Geeneus na Slimzee, walikuwa vijana wa mtaani. Kazi ya redio hizo ilikuwa ya hatari kidogo na ya kuchosha sana: kupanda juu ya jengo la ghorofa nyingi usiku, kufunga antena, kuficha mtambo, kushuka, halafu wiki hiyo hiyo kusikia kwamba mamlaka ya mawasiliano imeung'oa. Mwaka 2005 Slimzee alipigwa marufuku na mahakama kupanda mapaa ya majengo marefu. Rinse haikufa. Ilipata leseni mwaka 2010, baada ya miaka 16 ya kujificha.

Ndani ya redio hizo ndimo ulimokua muziki wa jungle, wenye mapigo 160 hadi 170 kwa dakika, kisha garage, kisha grime ya mapigo 140. MC Dizzee Rascal, mtoto wa redio hizo, alishinda tuzo ya albamu ya Mercury mwaka 2003. DJ aliyetaka kuwatangulia wenzake alikwenda na biti mpya kwa fundi wa kukata sahani, kama wale wa studio ya Transition kule Forest Hill, kusini mwa jiji, akachongewa sahani moja tu ya asetati. Ilikuwa laini, ikichezwa mara kadhaa sauti ilianza kuchakaa. Kwa hiyo wimbo mpya ulisikika kwa watu wachache, kwa wiki chache, kutoka mkono wa DJ mmoja, na aliyeukosa redioni aliukosa. Wasikilizaji wakiupenda walibip namba ya studio. Simu ikiita mfululizo bila mtu kuzungumza, DJ alijua kwamba airudishe sindano mwanzo. Msomaji wa Dar au Nairobi aliyewahi kuwa na simu isiyo na salio anaielewa lugha hiyo bila kufundishwa.

Inafaa kuikumbuka London hii ya mapaa tutakapofika Mburahati, Dar es Salaam. Masikio yaliyolelewa kwa mapigo 170 hayatishwi na 220.

Mji huo huo, katika miaka hiyo, ulijaribu pia kuikabidhi mashine kazi ya mwenye duka. Shazam ilizinduliwa London mwaka 2002, kabla ya simu janja. Mtu aliyekuwa baa akasikia wimbo asioujua alipiga 2580, namba zilizopangwa mstari mmoja wa wima kwenye vitufe vya simu, akaielekeza simu kwenye spika. Baada ya sekunde kadhaa laini ilikatika yenyewe, na ujumbe mfupi ukaingia ukiwa na jina la wimbo. Hesabu zake zilitungwa na Avery Wang, mtaalamu aliyesoma Stanford. Mashine haielewi maneno wala melodi. Inachora sauti kama ramani, inaokota vilele vyake, inapima umbali wa kilele na kilele, kisha inalinganisha vipimo hivyo na vya nyimbo ilizonazo ghalani. Ina kasoro moja ambayo haina dawa: wimbo ambao hakuna aliyeuingiza ghalani, kwake haupo duniani.

Last.fm, nayo ya London, ilianza mwaka huo huo wa 2002 na baadaye ikaungana na programu ya Richard Jones, mwanafunzi wa Southampton, iliyoandika kila wimbo uliochezwa kwenye kompyuta ya mtu. Ilikusanya kumbukumbu za watu wengi, ikawatafuta wanaofanana kwa usikilizaji na kuwaita majirani. Mtu wa Leeds aligundua kwamba jirani yake yuko Santiago. CBS ya Marekani iliinunua mwaka 2007 kwa dola milioni 280. Mfumo huo ulikuwa mzuri kwa anayependa kinachofanana na anachokipenda tayari. Kwa kumpeleka mtu mahali ambapo hajawahi hata kuota kwenda, ulikuwa dhaifu, na mifumo ya kupendekeza nyimbo inayotumika leo imerithi udhaifu huo.

Labda ndiyo sababu watu walirudi kwa watu. Mwaka 2010 Boiler Room ilianza kwa kamera ndogo ya kompyuta katika chumba cha boila kilichoachwa, mashariki mwa London, ikimwonyesha DJ kwa yeyote mwenye intaneti. Mwezi Aprili 2011 Femi Adeyemi, aliyekuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa Boiler Room, akafungua NTS, redio ya intaneti katika kibanda kidogo cha Gillett Square, Dalston. NTS haikuwa na orodha ya nyimbo za lazima. Mtangazaji alipewa saa moja au mbili acheze anachokijua, awe muuza vitabu, mpiga ngoma au mkusanyaji wa kanda za Somalia. Redio ya namna hii haina rafu. Wimbo wa Kampala hufuata wa Manchester kwa kuwa mtu fulani, anayetajwa kwa jina lake, ameamua hivyo usiku huo.

Sasa Mburahati.

Singeli ilizaliwa uswahilini, Dar es Salaam: Manzese, Tandale, Kigogo, Mburahati na mitaa inayofanana nayo. Chimbuko lake mojawapo ni mchiriko, muziki wa kinanda kidogo cha Casio, ngoma na spika za kuungaunga, ambao kundi la Jagwa Music liliufikisha Ulaya kwa albamu ya Bongo Hotheads, iliyotolewa na lebo ya Crammed ya Brussels mwaka 2012. Prodyuza wa singeli huchukua kipande kifupi, cha taarabu au cha mchiriko wenyewe, akakizungusha kwenye kompyuta na kukipandisha spidi mpaka mapigo yanavuka 200 kwa dakika, mara nyingine yanakaribia 300. Juu yake MC anachana kwa kasi hiyo hiyo: kodi ya nyumba, mapenzi, wambea, pesa isiyokaa mfukoni.

Singeli haikungoja mtu wa nje aigundue. Ilisambaa kwa vigodoro, zile sherehe za kukesha mtaani. Kwa memori kadi na flashi zilizojazwa nyimbo kwenye vibanda. Kwa bajaji na daladala. Kwa kurushiana simu kwa simu. EFM, redio ya Dar iliyoanza mwaka 2014, iliipa muda hewani wakati redio nyingine zikiiona ya kihuni. Msaga Sumu, Man Fongo na Dulla Makabila walikuwa majina makubwa mjini bila msaada wa gazeti lolote la Ulaya. Hili lisemwe wazi, maana kila masimulizi ya kugundua muziki yana hatari ya kumsahau aliyekuwa akiucheza.

Kiungo kati ya Dar na London kilitoka Kampala. Arlen Dilsizian na Derek Debru, wageni waliofanya maskani huko, walianza mwaka 2013 kuandaa sherehe zilizoitwa Boutiq Electroniq, ambako wachezaji wa vilabu walikutana na muziki mpya wa Afrika usiochezwa redioni. Mwaka 2015 likazaliwa tamasha la Nyege Nyege kando ya mto Nile, Jinja, na mwaka 2016 lebo ya Nyege Nyege Tapes. Toleo la kwanza lilikuwa la Disco Vumbi, kazi ya Alai K wa Kenya, aliyetoka kwenye kundi la Ukoo Flani Mau Mau. Mwaka 2017 ikatoka Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya prodyuza Sisso pale Mburahati. Kisha zikafuatana: Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, mwaka 2019 Mateso ya Sisso mwenyewe, Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke, mwaka 2022 Mr Mixondo ya DJ Travella, kijana ambaye singeli yake haina hata MC, na haimhitaji.

London iliipokea kwa namna ambayo haikuwahi kuupokea muziki wowote wa Kiswahili. Majarida kama The Wire na Resident Advisor, yanayoandika juu ya muziki wa majaribio na wa vilabu, yaliijadili singeli kama kazi ya mafundi wa mashine: namna biti zinavyokatwa, namna besi inavyoachwa nyuma ili mlio wa juu utawale, namna spidi inavyogeuza kipande cha taarabu kuwa kitu kingine kabisa. Madukani iliingia rafu ya muziki wa kielektroniki. Seif Salim, bingwa wa taarabu, hakuwahi kupewa rafu ya wanamuziki wenzake wakubwa wa nyuzi. Sisso alipewa ya maprodyuza wenzake.

Kwa nini safari hii ilikuwa tofauti? Sehemu ya jibu ni lebo yenyewe, iliyowatambulisha hawa watu kwa majina yao ya kazi na jina la studio, wala haikuwafungia kwenye picha ya mbuyu na machweo. Sehemu nyingine ni Bandcamp, soko la intaneti lililoanzishwa Marekani mwaka 2008, ambako mwenye muziki ndiye anayeandika mwenyewe aina ya muziki wake. Hakuna kamati ya baa inayomwamulia. Soko hilo huchukua asilimia 15 ya mauzo ya faili, na inayobaki, ukitoa gharama za malipo, humwendea msanii au lebo. Lakini sehemu kubwa ya jibu ni yale masikio ya mapaa. Kizazi kilichokua na jungle na grime kiliitambua singeli mara moja kwa sababu kilijua kompyuta ya bei rahisi, mtaa wenye sifa mbaya magazetini na MC anayekimbizana na biti. Kililijua pia lile jambo kubwa zaidi, watu wanaojitengenezea muziki wao na njia za kuusambaza wakati wenye vyombo vya habari wamewapa kisogo.

Rafu hubadili pia mapato. Msanii wa muziki wa dunia hungoja mwaliko wa kiangazi, aje na kundi zima na mavazi. Prodyuza wa rafu ya kielektroniki huitwa na kilabu mwezi wowote, peke yake na laptopu, na huombwa pia autengeneze upya wimbo wa mwenzake wa Paris au Tokyo.

Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejulikana kama KMRU, ameipanda rafu hiyo kwa upande wake wa utulivu. Muziki wake unatengenezwa kwa sauti alizorekodi mazingirani, zikinyooshwa mpaka zinakuwa kama ukungu. Albamu yake ya Peel ilitoka mwaka 2020 kwa lebo ya Editions Mego ya Vienna, na mwaka 2024 lebo ya Touch ya London, iliyoanza mwaka 1982, ikatoa Natur. Katika Temporary Stored ya mwaka 2022 alitumia rekodi zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na kuuliza kwa sauti zenyewe ni nani mwenye haki ya kuzishika. Babu yake, aliyebeba jina hilo hilo la Joseph Kamaru, alikuwa mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, na mjukuu ndiye anayezitoa upya nyimbo zake kwenye Bandcamp. Kwa Siti na wenzake, kazi hiyo ilisubiri ghala la Hayes na wageni wenye ufunguo. Kwa Kamaru inafanywa na familia.

Suala la majina limemgusa pia mwana wa London mwenyewe. Michael Kiwanuka alizaliwa mwaka 1987, wazazi wake wakiwa Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin, akakulia Muswell Hill. BBC ilimtaja kuwa sauti ya mwaka 2012. Suala la kutumia jina jepesi la kisanii lilikuwa limewahi kuzuka mwanzoni mwa kazi yake. Alijibu mwaka 2019 kwa albamu aliyoipa jina moja tu, Kiwanuka. Mwaka 2020 ikashinda tuzo ya Mercury.

Yote haya hayaondoi ukuta uliopo. Faili la singeli huvuka kutoka Dar hadi Dalston kwa sekunde chache. Aliyelitengeneza hungoja foleni ya alama za vidole ya kuombea visa, akiwa na taarifa za benki za mtu ambaye kipato chake hupitia kwenye simu na mkononi. Nihiloxica, kundi lililoanza mwaka 2017 kwa kuwaunganisha wapiga ngoma wa Kampala na Waingereza wawili wa mashine, lilikumbana na mfumo huo wa visa za Uingereza kiasi kwamba albamu yake ya mwaka 2023 ikaitwa Source of Denial na ikatengenezwa kama jibu kwake. Nchi inayonunua kanda za mtu, ikazisifu majaridani, halafu ikamwuliza mtu huyo kama kweli ana kazi, inafanya jambo la aibu. Hakuna neno la upole linalolifaa.

Na nyumbani kuna deni. Spotify iliingia Kenya, Uganda na Tanzania Februari 2021. Nyimbo sasa ziko mkononi mwa kila mwenye simu janja na bando. Hata hivyo singeli nyingi bado zinazunguka WhatsApp kama faili lisilo na jina la MC, wala la prodyuza, wala la studio, likiwa limebandikwa namba tu au jina la DJ aliyelirusha wa mwisho. Mkusanyaji wa London anajua nani alitengeneza biti ya Tatizo Pesa. Jirani wa Mburahati aliyeicheza kwenye arusi ya dada yake pengine hajui.

Kwa hiyo, msomaji, ukirusha wimbo leo, andika majina matatu: aliyeimba, aliyetengeneza biti, na studio ilikotoka. Ukiwa na uwezo, nunua faili moja kwenye Bandcamp, na kama inawezekana fanya hivyo katika zile Ijumaa maalumu, zilizoanza tarehe 20 Machi 2020, ambazo soko hilo halichukui asilimia yake. Na ukiwa London, ukaingia duka la santuri ukaikuta singeli imerudishwa kwenye trei ya muziki wa dunia, mwambie muuzaji aihamishe.